Mwanangu, kuhusu intaviu ya mjukuu wangu

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, unauliza umtafutie binti yako tuisheni ya intaviu ya kuingia kidato cha kwanza ile shule ya masista ama umuandae mwenyewe hapo nyumbani. Mimi nauliza, nani atakaa naye? Maana pepa za miaka iliyopita mmemjazia begi zima, anatoka shule anaunga tuisheni mpaka magharibi, akirudi anasinzia na sahani iko mbele yake, sasa hapo anaelewa saa ngapi. Kukariri sio kuelewa, nimewaimbia tangu mko wadogo.

Si unakumbuka kaka yako alivyoandaliwa intaviu kama hiyo na marehemu baba yenu pale kibarazani Temeke, wewe ulikuwa unachezea vifungo. Kitabu cha intaviu hatukuwa nacho, kulikuwa na cherehani na tepu. Siku moja akampa hesabu, kitambaa mita 12, suruali moja inakula sentimita 150, zinatoka ngapi? Kaka yako akageuza mita zikawa sentimita, akagawa, akasema 8, halafu akanyamaza, akasema lakini baba hazitoki 8, hujatoa kitakachopotea kwenye kukata. Jamani baba yenu alicheka mpaka akaacha kushona, wiki nzima kila mteja akihadithiwa.

Na ile shule hawakumchukua. Pepa ilikuwa ya Kiingereza na yeye shule ya serikali hesabu zote kasoma kwa Kiswahili, hesabu anaijua ila swali linataka nini haelewi. Majina yakabandikwa getini, baba yenu akapitisha kidole juu mpaka chini, akarudia tena. Mwalimu mmoja pale akatwambia hawa wa shule za serikali huwa wanasumbua, na mtoto kasimama hapo hapo anasikia. Mpaka leo daladala ikipita ile barabara naangalia upande wa pili.

Utasema mama, si ndio maana nataka tuisheni. Sawa, Kiingereza cha hesabu lazima akipate, sibishi. Lakini si asome swali kwa Kiingereza, akueleze kwa Kiswahili linataka nini, ndio ashike kalamu? Nusu saa kila jioni inatosha. Ila na wewe foleni ya barabara ya Mandela inakufikisha nyumbani saa mbili umechoka, hilo nalo naliona.

Na mtihani wenyewe wa taifa wa darasa la saba mwezi wa tisa msilisahau kwa ajili ya hiyo intaviu. Kilakala na Msalato, zile shule za serikali za wasichana wenye vipaji, huko hununui fomu, wanachagua kwa matokeo hayo hayo ya taifa.

Sisemi umpeleke wala usimpeleke, amueni wewe na mumeo. Ninalo la kusema lakini nalimeza. Jumamosi mlete kwangu, aje na pepa moja tu ya hesabu, ile iliyomshinda, na majibu yake ayaache huko huko.

Mama yako