Ukitafuta nasaba kwenye mafaili ya mahakama, anza na mafungu ya mirathi

Koo nyingi za Unguja na Pemba zina mtu mmoja ambaye kila mzee anamweka mahali pake. Huyu atakwambia ni ndugu khasa wa bibi yako, yule atasema alilelewa tu pale nyumbani, na wa tatu atakuuliza kwani una shida gani na mambo ya zamani. Kwetu sisi mtu huyo alikuwa mwanamke aliyejulikana kama dada yake bibi. Jibu nimelipata kwenye faili la mirathi la zama za Mwingereza, na nililipata kwa kusoma hesabu. Maneno ya karani hayakunisaidia kitu.

Utawala wa Mwingereza Zanzibar haukuiondoa sheria ya Kiislamu kwenye ndoa, talaka na mirathi. Makadhi wa Kisunni na wa Kiibadhi waliendelea kuamua mambo hayo. Karani aliandika "dada" na kupita zake, lakini kwa kadhi kuna dada watatu: shakiki (wa baba mmoja na mama mmoja), wa kwa baba na wa kwa mama, na hawarithi sawa.

Faili lenyewe lilikuwa hivi. Marehemu, dada shakiki wa bibi, hakuacha mtoto, na wazazi wake na bibi mwenyewe walikwisha tangulia. Mume kapewa nusu. Mwanamke wetu huyo, aliyeandikwa "dada", kapewa sudusi, yaani 1/6. Iliyobaki, thuluthi nzima, imekwenda kwa bin ami wa marehemu, yaani mtoto wa kiume wa ndugu wa baba yake. Angekuwa shakiki, au hata wa kwa baba, dada huyu angechukua nusu na bin ami angetoka mikono mitupu. Angekuwa mtoto wa kulea tu, asingepata hata senti. Kwa hiyo mbele ya kadhi alikuwa ndugu wa kwa mama, na chini ya ukurasa kaweka dole gumba lake kukubali.

Lakini usichukue mstari mmoja ukakimbia nao. Dada wa kwa baba naye hupata sudusi ikiwa yupo shakiki mmoja aliyechukua nusu. Soma warithi wote, jumlisha mafungu, halafu ndipo useme nani ni nani.

Kisha jiulize nani alifaidika. Bin ami alikuwa na kila sababu ya kutaka dada awe wa kwa mama, na dole gumba la mwanamke aliyezungukwa na wanaume barazani halinitoshi. Kilichonituliza ni faili jingine, la mauzo ya mikarafuu, ambamo mwanamke yuleyule ametajwa kama shahidi. Pale hakuna aliyegombania urithi, na jina la baba yake si jina la baba yake bibi. Neno lililosemwa pasipo faida ya mtu nalithamini kuliko kiapo cha kesi.

Mahali pagumu zaidi ni utumwa, na wazee wengi hukwepa hapo. Amri ya 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, lakini masuria, yaani watumwa wanawake waliowekwa kinyumba na mabwana zao, hawakuingizwa humo mpaka 1909. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru na anarithi kama mtoto wa mke. Basi pale ambapo ndugu wanasema "baba hakumkubali huyu", soma polepole, maana ugomvi ni wa shamba lakini ushahidi unaotolewa ni wa nasaba. Ukiona pia mtu anachukua baki ya urithi na hakuna aliyesema ni nani kwa marehemu, usimchoree tawi kwenye ukoo wako. Huenda ni bwana wa zamani au mwanawe, anayerithi kwa walaa, yaani haki ya aliyemwacha mtumwa huru, kwa sababu aliyeachwa huru hakuacha mtu wa kuumeni. Hati za wakfu nazo zitazame: wapo waliowawekea nyumba mahadimu wao, yaani watumwa waliowaacha huru, na vizazi vyao.

Kabila lililoandikwa juu ya faili silitegemei kabisa. Mtu yuleyule anaweza kuwa Mswahili mwaka huu na Mshirazi miaka kumi baadaye.

Tarehe nyingi ni za Hijria, kwa hiyo kumbuka kwamba mwaka 1325 ulianza Februari 1907. Ukurasa uliopoteza tarehe tazama fedha zake: Zanzibar ilitumia rupia mpaka mwisho wa 1935, na shilingi ikashika mwaka 1936.

Wenye asili ya Mombasa, Malindi au Lamu wana bahati yao. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa pwani walete madai ya viwanja na mashamba yao, na penye dai la ardhi ya marehemu hukosi warithi. Nyaraka za Taifa za Kenya ziko Nairobi. Za Zanzibar ziko Kilimani, mjini Unguja. Ukifika, tafuta kwa jina la aliyekufa, kisha majirani na mashahidi wake, na unakili kila jina lilivyoandikwa hata kama unaona limekosewa.

Mimi sasa natafuta talaka ya mama wa bibi na huyo ndugu yake kwa mume wa kwanza. Shangazi nimeshamwambia kabla sijapeleka chochote kwenye kundi la familia, na kakubali nitafute, ila picha za mafaili nisizisambaze mpaka azione yeye kwanza.