Umekwama Wapi? Wachezaji wa Lubumbashi Wauliza

Barua za safari hii zimetoka Katuba, Kenya (commune ya hapa Lubumbashi, si nchi), Kamalondo, Ruashi na Kampemba, na moja imetufikia kutoka Likasi. Tunaanza na ile fupi kuliko zote, kwa sababu kasoro yake imo katika nusu ya barua nyingine.

Nimekwama kwenye God of War. Nisaidieni haraka.
*Msomaji, Kampemba*

Ndugu yetu, tungekusaidia leo hii, lakini God of War ipi? Kuna ya mwaka 2005 ya PS2, kuna ya 2018 ya PS4, na kuna nyingine kabla na baada ya hiyo. Mlango uliofungwa katika moja haumo katika nyingine.

Tuandikie tena na utaje mambo haya: jina kamili la mchezo na konsoli unayotumia, jina la mahali ulipo kama lilivyoandikwa kwenye ramani, kitu cha mwisho ulichofanya mchezo ukakukubalia, silaha na vifaa ulivyo navyo, na mambo uliyokwisha kujaribu. Hilo la mwisho watu hulisahau, kisha hujibiwa yale yale waliyoyafanya mara kumi.

Tuambie pia umekwama kwa namna gani. Kuna anayezunguka chumba nusu saa hajui aende wapi. Kuna anayejua kabisa, adui yuko mbele yake, ila anapigwa kila mara. Na kuna ambaye mchezo wenyewe umeharibika: diski inaganda pale pale kila siku, au mlango uliopaswa kufunguka haufunguki. Wa kwanza anahitaji neno moja tu. Wa pili anahitaji kubadili maandalizi. Wa tatu anapoteza muda bure, maana hata angekuwa bingwa wa Katanga nzima hatapita. Diski ikiganda mahali pale pale, ifute kwa kitambaa laini kikavu kutoka katikati kwenda ukingoni, mistari iliyonyooka, si kwa kuzungusha. Ikiendelea, ijaribu kwenye konsoli ya jirani. Ikiganda na kule, ugonjwa uko kwenye diski. Ikipita vizuri, lenzi ya konsoli yako ndiyo iliyochoka au kujaa vumbi.

Grand Theft Auto: San Andreas kwenye PS2: ile misheni ya kufukuza treni kwa pikipiki. Big Smoke, mwenzangu wa nyuma ya pikipiki, anawapiga risasi maadui walio juu ya treni mpaka inatoroka. Nimerudia zaidi ya mara ishirini.
*Mchezaji wa Kamalondo*

Kosa karibu kila mtu hulifanya ni lile lile: anaikaribia treni akidhani Smoke atalenga vizuri zaidi. Kumbe ukiwa ubavuni kabisa mwa behewa, wale jamaa wako juu ya paa, na risasi za Smoke zinaishia kwenye bati. Kaa upande wa kulia wa treni, mbali kidogo, uwe sambamba na mtu anayelengwa. Umbali huo unampa Smoke nafasi ya kuona juu ya paa.

Jambo la pili ni mwendo. Usiipite treni ukamwacha Smoke akipiga kwa nyuma. Ukiwa sambamba, legeza gesi, shika mwendo wa treni, usiyumbe. Wakianguka waliosimama nyuma, sogea mbele mpaka kwa anayefuata. Na usiendeshe juu ya reli zenyewe. Pikipiki inarukaruka na shabaha inapotea.

Mimi niliingiza kodi (msimbo wa siri wa vitufe) ya fujo, ile inayofanya watu wote wa mji wapigane, halafu nikahifadhi. Sasa haiondoki.
*Msomaji, Ruashi*

Haitaondoka. Katika San Andreas kodi hiyo ikishahifadhiwa inabaki ndani ya faili. Fungua faili ya kabla yake kama unayo. Kama huna, utaanza upya, na tunasikitika kukuambia hivyo. Zile karatasi za kodi zinazopita mkono kwa mkono hazionyi kuhusu hili. Kodi ya afya, fulana ya risasi na dola 250,000 (R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu) haina madhara ya namna hiyo, lakini hata ukiitumia, hifadhi kwanza, kisha ingiza.

Metal Gear Solid ya kwanza. Wananiambia namba ya redio ya Meryl iko nyuma ya boksi la CD. Mimi nilinunua diski ikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Nitaipata wapi?
*Msomaji, Likasi*

Namba ni 140.15. Bonyeza Select, peleka masafa hadi hapo, piga.

Hukukosa akili, ndugu. Mchezo huo wa mwaka 1998 ulitengenezwa kwa mtu mwenye boksi halisi mkononi: picha ya mazungumzo hayo imechapwa nyuma yake. Watu walizunguka ndani ya mchezo wakitafuta boksi ambalo halimo, kumbe ni boksi la dukani.

Kwa kuwa uko huko, jiandae kwa adui mkubwa, Psycho Mantis. Anasoma mawazo yako na kukwepa kila risasi. Chomoa maneti (kidhibiti cha mkononi) kwenye tundu la 1, iweke tundu la 2, naye hataweza tena kukusoma. Kama tundu la 2 limekufa, mpigie kamanda wako Campbell kwa redio tena na tena wakati wa pambano mpaka akuelekeze kwenye zile sanamu mbili za vichwa zilizomo chumbani. Zivunje kwa risasi.

Na kama unachezea diski hiyo kwenye PS2, kumbuka kwamba michezo ya PS1 inahifadhi kwenye kadi ya PS1 tu. Kadi ya PS2 ya megabaiti 8 haitapokea. Wengi hugundua hilo baada ya kucheza usiku mzima.

Elden Ring, PS4. Margit, yule adui mlinzi wa ngome, ananimaliza kwa mapigo matatu. Rafiki zangu wanasema nikomae tu. Mkono wangu ni mbovu au kuna siri?
*Kijana wa Katuba*

Rafiki zako wamekupa ushauri wa kishujaa, lakini si mzuri. Ukianguka kwa mapigo matatu, tatizo lako la kwanza ni kwamba umefika mapema. Ile nuru inayoelekeza njia inakupeleka moja kwa moja kwenye ngome ya Stormveil, na wageni wa mchezo huu huifuata kama amri. Geuka. Mlinzi huyo amewekwa pale ili akurudishe ukatembee.

Nenda kusini, vuka daraja hadi Weeping Peninsula. Maadui wa kule ni wepesi kuliko wa ngomeni. Panda hadi ngazi ya 20 au 30 ndipo urudi, na sehemu kubwa ya pointi uziweke kwenye Vigor, yaani uhai. Wachezaji wengi huziweka zote kwenye nguvu ya kupiga, na hiyo ndiyo sababu mapigo matatu yanatosha kuwazika.

Silaha yako iko wapi? Kama bado haina nyongeza, hapo ndipo pengo kubwa lilipo. Kwenye kanisa la Elleh kuna fuawe. Inapandisha silaha ya kawaida hadi +3 kwa mawe ya daraja la kwanza: mawe 2 kwa +1, mengine 4 kwa +2, mengine 6 kwa +3. Jumla ni 12, na mengi utayachimba kwenye kuta za Limgrave Tunnels. Chagua silaha moja uipendayo. Ukigawa mawe kwa tatu, zote zitabaki dhaifu.

Chupa nyekundu za kuponya zinaongezeka kwa Golden Seed, mbegu utakayoiona chini ya miti midogo inayong'aa dhahabu. Makanisani tafuta Sacred Tear, inayofanya kila chupa iponye zaidi.

Ukishampata farasi, rudi kanisa la Elleh usiku. Mwanamke aitwaye Renna atakuwa ameketi pale, naye atakupa kengele ya kuita roho pamoja na mbwa mwitu watatu. Waite mara tu pambano linapoanza. Margit akigeukia mbwa, wewe una mgongo wake. Msaidizi mwingine, Rogier, anaitwa kwa alama ya dhahabu mbele ya ukungu. Tofauti yao ni hii: ukimwita Rogier, uhai wa Margit unaongezeka, mbwa hawauongezi.

Kuna pia pingu ya Margit. Inauzwa kwa runi 5,000 (fedha ya mchezo) na mtu aitwaye Patches, ndani ya pango la Murkwater. Atakushambulia kwanza, akijisalimisha, acha kumpiga, la sivyo umepoteza duka. Pingu hiyo inamlaza Margit chini mara mbili, katika sehemu ya kwanza ya pambano tu. Akishaanza kutoa nyundo ya mwanga haifanyi kitu tena.

Sasa ndipo mkono unapoingia. Margit huinua fimbo na kuishikilia juu, na wewe, kwa woga, unajiviringisha mapema. Fimbo inashuka ukiwa unainuka. Usitazame fimbo inapopanda. Subiri mkono uanze kushuka ndipo ubonyeze. Jiviringishe kumwelekea, upite pembeni yake, maana ukirudi nyuma unabaki ndani ya urefu wa silaha yake. Angalia pia uzito wa mavazi: ukipita asilimia 70 ya uwezo wako, kujiviringisha kunakuwa kuzito na hakuna hesabu ya muda itakayokuokoa. Vua kofia ya chuma kama ni lazima.

Rafiki yangu amempita bosi (adui mkubwa). Je, ninaweza kuchukua faili yake nikaendelea kutoka hapo?
*Msomaji, commune Kenya*

Kwenye PS2, ndiyo, mara nyingi. Weka kadi zote mbili, washa konsoli bila diski, ingia kwenye kivinjari cha kadi, chagua faili, nakili. Faili chache zimefungwa zisinakiliwe. Kikwazo cha kawaida zaidi ni toleo: angalia kodi iliyochapwa kwenye diski. SLES ni ya Ulaya, SLUS ni ya Marekani. Faili ya SLUS haitaonekana kwenye diski ya SLES, hata kama jina la mchezo ni lile lile.

Kwenye PS4 haiwezekani kwa njia ya kawaida. Faili imefungwa kwa akaunti ya aliyeicheza.

Umeme hukatika katikati ya mchezo. Jana PS4 iliniambia data imeharibika. Nimepoteza wiki tatu.
*Dada wa Katuba*

Pole sana, dada. Kwanza, usikubali haraka mtu akuambie "tufute yote tuanze upya." Zima konsoli kabisa, kisha shika kitufe cha kuwasha kwa takriban sekunde 7 mpaka usikie mlio wa pili. Unganisha maneti kwa waya wa USB. Kwenye orodha chagua namba 5, ya kujenga upya hifadhidata. Haigusi faili zako. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu, kwa hiyo zibaki za mwisho kabisa.

Kama faili yenyewe imekufa, namba 5 haitaifufua. Kwa hiyo kuanzia sasa nakili: kwenye mipangilio, ingia sehemu ya data za michezo zilizohifadhiwa, chagua zilizomo kwenye konsoli, nakili kwenye flashi ya USB yenye mfumo wa FAT32 au exFAT. Mara moja kwa juma inatosha. Wenye PS5 wajue kwamba michezo ya PS5 yenyewe hainakiliki kwenye flashi. Ya PS4 tu ndiyo inayokubali.

Usiiache konsoli katika hali ya usingizi, izime kabisa. Na mchezo ukikuruhusu kuwa na faili zaidi ya moja, hifadhi kwa zamu: leo ya kwanza, kesho ya pili. Umeme unapokatika wakati wa kuandika, inaharibika ile inayoandikwa, nyingine inabaki nzima.

Mwanangu wa miaka kumi anacheza Crash Bandicoot N. Sane Trilogy. Kila siku anaomba simu atazame video za kumsaidia, na mega zinaisha kabla ya jioni. Kuna njia nyingine?
*Mama wa watoto watatu, Kamalondo*

Ipo, mama yetu. Video moja ya dakika kumi hula makumi ya mega, na mtoto anahitaji sekunde thelathini tu ndani yake. Mwongozo wa maandishi matupu wa mchezo mzima kwa kawaida haufiki hata mega moja. GameFAQs imekusanya miongozo ya namna hiyo tangu 1995, kwa Kiingereza. Kwa Kifaransa kuna jeuxvideo.com, tangu 1997. Fungua ukurasa mara moja, uhifadhi kwenye simu, kisha atausoma bila intaneti, akitafuta jina la hatua aliyokwama. Majina yasipofanana kwa sababu mchezo uko kwa Kifaransa na mwongozo kwa Kiingereza, badili lugha ya konsoli kwa muda.

Tunakisia amekwama kwenye madaraja ya mbao, maana ndipo watoto wengi hulia. Mwambie atumie vishale badala ya kile kijiti, ili aende wima bila kupinda. Atue katikati ya ubao: katika toleo hili la 2017 Crash huteleza kwenye kingo kuliko katika mchezo wa zamani, kwa hiyo kuruka kutoka ukingoni kabisa humwangusha. Na kamba za pembeni za daraja zinakanyagika. Akipanda juu ya kamba na kutembea polepole, atapita mbao nyingi zilizooza bila kuzigusa.