Mlilaki wangu ulikaa miaka sita bila ua, na mkosaji nilikuwa mimi

Jumamosi iliyopita dada mmoja aliniandikia ujumbe kuhusu mlilaki, kile kichaka cha maua yanayonukia, na haujanitoka kichwani. Ameniruhusu niuweke hapa: "Dada, mlilaki wangu una miaka mitano sasa. Majani kibao, ila ua sijaliona hata moja. Majani yameanza kupukutika na mkasi nimeshaunoa. Niukate uwe mfupi ili mwakani uchanue, au niung'oe tu nipande kitu kingine?"

Nilimjibu palepale: weka mkasi ndani, tafadhali. Halafu nikaona siwezi kuishia hapo. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, na aliyenijibu alinijibu vibaya, na jibu lake likanila miaka.

Machipuko ya mwaka huu mlilaki wangu ulitoa vishada 41. Nilivihesabu asubuhi, nikavihesabu tena jioni, vikawa vilevile 41. Kila kishada kina vijiua vidogovidogo vilivyobanana, kila kimoja na petali nne, rangi ya zambarau iliyopauka kidogo kwenye ncha. Jua likishapasha bustani, harufu inaingia dirishani bila hodi. Ni tamu, lakini ina ubaridi fulani ndani yake, haikufungi kichwa. Manukato mengi ya dukani yanayoitwa ya lilaki hutengenezwa na wanakemia kwa kuchanganya, kwa sababu ua lenyewe ni bahili mno, halitoi mafuta yake kirahisi. Ukiitaka harufu ya kweli, panda mti. Nami niliitaka sana.

Nilinunua mche unaofika gotini, ukiwa kwenye kopo. Muuzaji aliniambia mambo mawili: kwamba utachanua mwaka ujao, na kwamba kila majani yakipukutika niukate kichwa chote uwe duara, "ili upate nguvu". Nilimwamini. Nani asingemwamini mtu aliyezungukwa na miche elfu moja? Leo najua kwamba mlilaki mchanga kwa kawaida unahitaji miaka mitatu mpaka mitano kabla ya kuchanua sawasawa, na mara nyingine zaidi. Hilo la kwanza nimemsamehe. La pili bado linaniuma.

Nikaupanda nyuma ya nyumba, chini ya mti mkubwa, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na nafasi. Jua lilifika pale saa mbili kwa siku, labda mbili na nusu. Udongo ulikuwa wa mfinyanzi, mvua ikinyesha maji yanatuama kama kwenye sufuria. Mlilaki ukarefuka ukilitafuta jua, mwembamba, majani yake yenye umbo la moyo yamelegea. Kila mwisho wa kiangazi yalijipaka unga mweupe, ule ugonjwa wa ubwiri unga. Ugonjwa huo hauui mti, ila unauaibisha, na unapenda mahali ambapo hewa haipiti.

Laiti ningesoma kidogo tu mti huu umetoka wapi. Mlilaki wa kawaida, ambao mwanasayansi Msweden Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Syringa vulgaris, kwao ni milima ya Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya. Unaota kwenye miteremko yenye mawe na chokaa, maji yanapita na kwenda zake, jua linawaka, na baridi kali inakuja kila mwaka bila kukosa. Ukilishika hilo moja, maswali yako nusu yamejijibu. Jua kamili, saa sita kwa siku au zaidi. Udongo usiotuamisha maji. Udongo usio mchachu: pH (kipimo cha uchachu) ya 6.5 hadi 7 inaufaa, na kama wako uko chini ya hapo, chokaa ya bustani kidogo itausogeza. Na baridi. Baridi si adui wa mlilaki, ni sehemu ya chakula chake. Bila majuma mengi ya baridi, vitumba vyake haviamki vizuri.

Hapa niseme na ndugu zangu mnaoishi kwenye joto mwaka mzima, maana mnaniandikia pia. Mlilaki kwenu utaota majani na utawavunja moyo. Ipo aina iitwayo 'Lavender Lady', iliyozalishwa kule California ili ivumilie majira ya baridi yasiyo makali, lakini hata hiyo haikuzaliwa kwa ajili ya ukanda wa joto. Pandeni asumini bila kinyongo. Mlilaki na asumini ni wa ukoo mmoja, ule wa mzeituni, na harufu yenu haina cha kuionea wivu harufu yetu.

Nirudi kwangu. Mwaka wa tatu, majani yalipokwisha kuanguka, niliuhamisha. Nilichimba shimo upande wa jua, mita mbili na nusu kutoka ukutani, upana wa shimo mara mbili ya mizizi, nikainua udongo uwe kama kichuguu kidogo ili maji yakimbie. Nilitandaza mboji juu, nikaiweka mbali na shina. Kazi ile niliifanya vizuri, najisifu kwa haki. Kisha nikachukua mkasi nikaukata kichwa chote uwe duara, kama nilivyoagizwa.

Machipuko yaliyofuata, majani. Yaliyofuata tena, majani. Nikaanza kuulisha. Mbolea niliyokuwa nayo ni ya nyasi, yenye naitrojeni nyingi, nikaimwaga kwa ukarimu. Majani yakawa ya kijani kizito, makubwa kama kiganja, na ua hakuna. Naitrojeni nyingi inauambia mti "nenepa", na mti ukishanogewa na kunenepa hauna haraka ya kuzaa. Wifi yangu alikuja kututembelea akasimama mbele yake, akaniambia ning'oe jani hilo nipande kitu cha maana. Alisema mbele ya wageni. Nilitabasamu, nikaenda jikoni nikakaa kwanza.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mtu mzima anayekaa mtaa wa pili, ambaye mililaki yake nilikuwa nikiipita kila machipuko kwa kijicho. Siku moja katikati ya baridi nilijikaza nikabisha hodi. Alinisikiliza, akavaa koti, akaja nami. Aliuzunguka mti mara moja. Upande wa ukutani, chini kabisa, kulikuwa na tawi moja ambalo mkasi wangu haukulifikia. Akalivuta. Kwenye ncha yake kulikuwa na vitumba viwili vimekaa bega kwa bega, vimenona, kila kimoja ukubwa wa punje ya mahindi, vikiwa na magamba ya kijani iliyochanganyika na hudhurungi. Akakichuma kimoja, akatoa wembe kwenye karatasi, akakipasua juu ya kiganja chake na kunisogezea.

Ndani mlikuwa na shuke. Dogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, kijani kibichi, limejaa vipunje vilivyopangana kama shuke la uwele. Kishada kizima cha maua, tayari, kimelala katikati ya theluji kikisubiri joto.

"Hiki kilitengenezwa kiangazi kilichopita," aliniambia. "Kila ukikata majani yanapopukutika, mwanangu, unakata haya."

Sikuwa na la kusema. Miaka yote ile mti wangu haukuwa mgumba. Ulikuwa ukijifungasha maua yake kila kiangazi, ukiyaweka kwenye ncha za matawi, na mimi nakuja na mkasi wiki chache baadaye nayapeleka kwenye lundo la takataka. Nililia usiku ule, na sioni aibu kulisema.

Kwa hiyo lishike hili hata ukiacha mengine yote. Mlilaki huchanua kwenye ncha za matawi ya mwaka uliopita. Maua yakishanyauka tu, mti unaanza kuandaa ya mwakani. Nafasi yako ya kupogoa ni ile fupi iliyopo baada ya kuchanua, majuma mawili au matatu. Ukichelewa, umechelewa, subiri mwaka mwingine. Usikate mwishoni mwa kiangazi. Usikate majani yanapopukutika. Usikate wakati wa baridi kwa sababu umekosa kazi ya kufanya bustanini. Na usiukate duara kamwe! Mlilaki si uzio wa kuzungushia nyumba.

Kata nini basi wakati huo ukifika? Vishada vilivyonyauka, juu tu ya matawi mapya mawili yanayochomoza chini yake. Matawi makavu na yanayosuguana. Na maotea yanayotoka mizizini: kama mti unasimama kwa mizizi yake wenyewe, acha mawili matatu yenye afya yarithi kazi ya mashina ya zamani, mengine yaondoe. Kama ni mche wa kubebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya mizizi ya mti mwingine, ng'oa kila kinachotoka chini ya mahali ulipobebeshwa, kwa sababu hicho si mlilaki ulioununua. Mti mzee uliorefuka hadi maua yako juu ya paa haufi kwa uzee wake. Ondoa theluthi moja ya mashina yaliyozeeka, karibu na ardhi, mwaka wa kwanza, theluthi nyingine mwaka wa pili, iliyobaki mwaka wa tatu. Baada ya hapo una mti mpya juu ya mizizi ya zamani.

Machipuko yaliyofuata ujio wa yule mama, kitumba kilichobaki kwenye lile tawi la ukutani kilifunguka. Kishada kimoja. Nilikuwa nachuchumaa kukinusa kila asubuhi kabla ya kazi, magoti kwenye udongo. Mbolea ya nyasi nilikuwa nimeiacha. Mkasi niliugusa mara moja tu, maua yalipokwisha. Mwaka uliofuata vishada tisa. Mwaka huu 41, na nilimkatia wifi yangu vitano nikampelekea mwenyewe nyumbani kwake. Alivipokea kwa mikono miwili.

Kuhusu kukatia vya kuweka ndani, kata asubuhi mapema, chagua kishada ambacho angalau nusu ya vijiua vimeshafunguka, kwa sababu vilivyofumba mara nyingi havifunguki tena vikishaingia chombo cha maua. Ondoa majani mengi, pasua mwisho wa kikonyo kidogo ili kinywe maji. Na kwa kuwa unakata wakati wa maua, hapo hapo umeshapogoa.

Katika miaka yangu ya kusubiri nilipata faraja kwa Victor Lemoine, mkulima wa maua wa mji wa Nancy, Ufaransa. Alianza kuzalisha mililaki mwaka 1870, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia. Alitaka vijiua vyenye petali nyingi. Macho yake yalikuwa yamedhoofu, hivyo mkewe ndiye aliyepanda ngazi na kupaka chavua kwenye vijiua vile vidogo kwa mkono. Mbegu za mlilaki zinachukua miaka kuwa mti wa kuchanua, na wao wakasubiri, wakapanda nyingine, wakasubiri tena. Mlilaki mweupe wa petali nyingi uliotoka kwao mwaka 1890 unaitwa 'Madame Lemoine', na bado unauzwa hadi leo. Watu wale walisubiri miaka bila kujua kitakachotoka. Wewe unajua kitakachotoka, ndugu yangu, na bado unataka kung'oa mwaka wa tano? Tunataka kila kitu kesho asubuhi. Tunapanda leo, keshokutwa tunauliza ua liko wapi, tusipoliona tunashika mkasi. Huo ndio ugonjwa wetu, na mimi niliuugua kuliko wewe.

Sasa dada yangu uliyeniandikia, fanya hivi kesho kukiwa na mwanga. Nenda kwenye mti wako, hesabu kwanza saa za jua zinazoufikia. Zikiwa pungufu ya sita, subiri majani yaishe kabisa uuhamishe. Kisha vuta tawi moja lililo juu, lile unalotamani kulikata, uitazame ncha yake kwa karibu. Ukikuta kitumba kimoja chembamba chenye ncha kali, hilo ni jani, na mwakani bado utasubiri. Ukikuta viwili bega kwa bega, vya mviringo, vimenona, usivipasue kama alivyonifanyia yule mama. Nipigie picha unitumie.