Mbawa za Marubani wa Zamani: Usitoe Hela Kabla Hujauona Mgongo

Juzi kuna kijana wa kwetu anaishi Texas kanitumia meseji, "Kaka shikamoo, nimeona beji ya rubani ya vita ya pili inauzwa mtandaoni, imeandikwa Luxenberg, jamaa anataka dola 300, nichukue?" Picha aliyoniwekea ni ya mbele tu. Luxenberg ni jina la duka la zamani la New York. Nikamwambia marahaba mdogo wangu, niletee picha ya mgongo, yaani nyuma ya beji. Akamuuliza muuzaji, muuzaji akasema nyuma hamna cha kuangalia. Nikamwambia basi achana nayo. Halafu nikaona bora niandike kabisa hapa maana hili swali naulizwa kila siku na jibu langu halibadiliki, mgongo kwanza.

Kwa wageni, mi nakusanya beji za mbawa, zile marubani na wenzao wa ndegeni wanavaa kifuani, za Army Air Forces, jeshi la anga la Marekani lililokuwa chini ya Army, jeshi la nchi kavu, lile lililoundwa Juni 1941 likadumu hadi Septemba 1947 Air Force ilipotoka chini ya Army ikawa jeshi linalojitegemea. Kujua beji ni ya nani ni kazi ya dakika moja. Ngao tupu katikati ni rubani, ngao yenye nyota juu ni rubani mwandamizi, nyota ndani ya shada ni rubani wa kamandi, wa juu kuliko wote, G ni rubani wa glaida, ndege isiyo na injini, L ni ndege ndogo za mawasiliano, bomu ni mlenga mabomu, risasi yenye mbawa ni mpiga bunduki wa ndani ya ndege. Hayo utayashika wiki ya kwanza. Utamu wenyewe uko kwenye kujua kiwanda gani kimeitoa, na hapo ndo watu wanaliwa hela mchana kweupe.

Mi nimekulia Tanga, kwenye banda la usonara la baba mkubwa pale Ngamiani. Kabla sijajua kusoma vizuri nilishajua kutofautisha fedha iliyosubiwa na fedha iliyogongwa. Ya kusubu unayeyusha unamimina kwenye kalibu, inatoka na vipele na vitundu vidogo vidogo na kona zake zinakuwa za mviringo, laini, hata ukipiga tupa vipi. Ya kugonga unachukua bamba la fedha unalikandamiza kwa kalibu ya chuma cha pua kwa nguvu kubwa, kila mstari unasimama, ukipitisha ukucha unausikia. Mbawa halisi za miaka ya 40 karibu zote za viwanda vikubwa zimegongwa. Wanaoghushi wanachukua beji halisi moja, wanaitolea kalibu ya udongo au mpira, wanasubu. Sasa chuma kikipoa kinasinyaa, kwa hiyo nakala inatoka fupi kuliko mama yake, kidogo sana lakini kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu kwa taya mbili, inaiona. Beji ya kawaida ya rubani ni inchi 3 kutoka ncha hadi ncha. Nunua kalipa jamani, ya dijitali haifiki bei ya pizza mbili, we mtu unataka kutoa dola 300 na kalipa huna?

Sa ngoja niwape hii ya kwangu maana nimeisubiri sana kuiandika.

Kuna maonyesho ya vitu vya kijeshi nilienda hapa Ohio, ukumbi mkubwa meza zimejaa, nikafika kwenye meza moja nikashika mbawa nikaigeuza, ndo kawaida yangu. Mzee mwenye meza akaichomoa mkononi mwangu akasema kama sinunui nisishikeshike vitu vyake. Pembeni yangu walikuwa wamesimama wazungu wawili wanashika wanageuza wanapimia kwenye shati, hakuwaambia kitu. Sikujibu. Niliondoka lakini liliniuma na sitasema limeisha, halijaisha. Mtu umesoma hivi vitu kwa hela yako na usiku wako halafu unaonekana kama umepotea njia kwenye ukumbi.

Meza ya mwisho kabisa karibu na mlango kulikuwa na sinia la vitu vya hovyo hovyo, vifungo, pini za vilabu, medali za mashindano ya shule. Ndani yake mbawa ya rubani, nyeusi tii. Nyuma imeandikwa STERLING, yaani ni fedha halisi, basi, jina la kiwanda hamna. Watu wote walikuwa wameipita kwa sababu hiyo hiyo, haina jina. Mi niliona mambo mawili. Neno STERLING lilikuwa limeinuka, maana yake lilichongwa kwenye kalibu yenyewe, halikugongwa baadaye kwa muhuri wa mkono. Na pini yake ya sindano ilikuwa imelehemiwa kwa fedha, lihimu imetambaa vizuri chini ya bawaba, sio donge la lihimu ya risasi, ile metali laini, lililorushwa juu. Nikalipa nikatoka.

Nyumbani nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Upande wa kushoto wa ngao, kati ya manyoya mawili ya juu, kuna kimstari chembamba kama unywele, kimeinuka, kinakata unyoya kimshazari. Huo ni ufa wa kalibu. Kalibu ya chuma ikigonga beji nyingi inapasuka kidogo, fedha inaingia kwenye ule ufa, kwa hiyo kila beji inayotoka baada ya hapo inabeba mstari palepale, na kadiri kazi inavyoendelea ufa unarefuka. Nikaanza kutafuta huo mstari kwenye picha za beji za watu zenye majina ya viwanda. Meyer hamna, Balfour hamna, Josten hamna, A.E. Co. ya Utica hamna, manyoya hayafanani hata. Kazi ilienda ikakwama, nikaiacha, nikairudia. Mwezi uliopita jamaa mmoja akaweka picha ya mbawa yake iliyogongwa AMCRAFT ATTLEBORO MASS, jina la kiwanda na mji wake, wazi kabisa, nikaikuza, mstari ule pale! Nikamuomba anipigie picha ya karibu na anipimie. Vipimo vyetu sawa. Ila mstari wake ni mfupi, wa kwangu umefika hadi ukingo wa ngao, kwa hiyo ya kwangu imegongwa baada ya ya kwake, kalibu ileile. Sinia la takataka lile. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni.

Attleboro ni mji wa masonara huko Massachusetts, Balfour walikuwa hapohapo, Robbins hapohapo. Haishangazi kazi zao zinafanana, na ndo maana jina peke yake halikutoshi. Tena mengine nyuma ni ya duka, sio kiwanda. Luxenberg wa New York walikuwa wanavalisha maofisa, wakusanyaji wanawapenda kupita kiasi, na panapopendwa ndipo panapoghushiwa. Kugonga muhuri wa jina kwenye kipande cha fedha hata mi naweza kwenye meza yangu hapa. Manyoya ya kalibu fulani huwezi kuyagonga tena mpaka uwe na kalibu yenyewe.

Na kalibu wapo walionazo, hili nalo mlijue. N.S. Meyer wa New York waliendelea kuwepo miaka mingi baada ya vita na zipo mbawa zilizogongwa upya kwa kalibu zao za zamani. Hiyo mbele ni halisi mia kwa mia! Utakodoa mpaka macho yaume. Kinachoisema ni mgongo, fedha mpya isiyo na umri, vishikizo vya kisasa, uso laini mno. Angalia vishikizo. Klachi, zile kofia mbili unazibana ndo zinaachia, zilianza kuenea katikati ya vita ya pili. Mtu akikuletea mbawa ya 1918, anakwambia ya Bailey, Banks & Biddle wa Philadelphia, ukigeuza unakuta klachi, mrudishie kwa heshima uende zako. Ya 1944 ikiwa na klachi ni sawa, ikiwa na sindano pia ni sawa.

Wanaoniuliza za RAF, jeshi la anga la Uingereza, kwa sababu kule nyumbani Waingereza walikuwa Eastleigh Nairobi na kwingine, jueni kwamba mbawa za marubani wa Uingereza ni za kitambaa, zinashonwa. Vile vya chuma vyenye taji mnavyoviona mara nyingi ni bruchi za wake na wachumba, vizuri sana ila ni kitu kingine. Ila J.R. Gaunt wa London aliwatengenezea Wamarekani mbawa zao walipokuwa Uingereza, na Angus & Coote wa Sydney akafanya hivyo kwa waliokuwa Pasifiki. Hizo ukiziona niite.

Jambo moja naomba mnisikilize kama ndugu. Sisi watu weusi tunakamatwa na Tuskegee, pale walipofunzwa marubani weusi wa Marekani wakati wa vita. Tarehe 7 Machi 1942 vijana watano walipewa mbawa pale Alabama, Benjamin O. Davis Jr. akiwa mmojawapo, marubani weusi wa kwanza wa jeshi la Marekani, na hadi mwisho karibu 1,000 walihitimu. Ukilisikia hilo moyo unaruka, na mi wangu unaruka. Muuzaji anakujua, anakuona unavyofika, anakwambia hii ilikuwa ya mtu wa Tuskegee na bei inapanda mara tatu. Karatasi iko wapi? Jina limechongwa? Picha yake akiwa ameivaa? Mbawa zao zilikuwa zilezile za kila rubani, kwa hiyo beji haiwezi kukuthibitishia kitu yenyewe. Lipa bei ya beji. Wale wazee wanastahili heshima kuliko kufanywa chambo cha dola 200 za ziada.

Na acheni kung'arisha, nawasihi. Kila wiki mtu ananitumia picha ya mbawa inayowaka kama sufuria ya harusi, kafurahi, ananiuliza ni ya nani. Weusi unaokaa kati ya manyoya ndo unaonionyesha kina cha kalibu, na nyuma ndo unaonionyesha kama pini ilibadilishwa, maana lihimu ikipashwa moto upya ule weusi unakimbia pembeni yake unaacha duara jeupe. Ukishapaka dawa ya kung'arisha duara limefutika, herufi zimejaa unga mweupe, na mstari kama ule wangu wa Amcraft ukisuguliwa mara kadhaa unalala. Ikiwa na uchafu, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, brashi ya mtoto ya meno, kausha, basi.