Damu iliyokoma isiwatulize

Pole sana, dada. Baba aliwekewa mshipa bandia kwenye aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) miaka iliyopita, juzi akatapika damu, ikakoma, na kamera ya tumbo haikuona kidonda. Msingoje kliniki ya wiki ijayo! Mpelekeni dharura Hospitali ya Kenyatta leo, na neno la kwanza liwe ule upasuaji. Mshipa bandia unaweza kutoboa utumbo, hasa mwishoni mwa duodeni (sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba), ambako kamera ya kawaida mara nyingi haifiki. Damu kidogo hutangulia ile inayoua. Ombeni skani ya CT ya mishipa. Hata ikiwa safi, asirudi nyumbani kabla daktari wa mishipa hajamwona. Ikithibitika, madaktari huziba tundu kwa stenti (bomba linalowekwa ndani ya mshipa) kwanza mgonjwa akiwa amezidiwa, au huondoa mshipa ule na kushona utumbo, kisha antibiotiki kwa muda mrefu. Beba ripoti ya upasuaji, na uite ndugu wa kutoa damu.