Mhusika Hujulikana Akibanwa

Wanaoanza kuandika hadithi hupenda kutayarisha wasifu mrefu wa mhusika: umri, kimo, nywele, rangi anayoipenda. Hauna ubaya, ila hausogezi hadithi hata hatua moja. Msomaji humjua mtu kwa anachochagua njia zikiwa finyu.

Kabla ya rasimu, andika sentensi tatu tu. Anataka nini? Nani anamzuia? Akikosa, atapoteza nini? Anachotaka kiwe cha kushikika. "Anataka amani ya moyo" haiandikiki, maana huwezi kuonyesha siku alipoipata. "Anataka nyumba ya marehemu mama yake isiuzwe Ijumaa" inakupa mahali, mpinzani na muda. Mpinzani naye asiwe mbaya wa bure. Kaka anayeuza nyumba awe na deni la hospitali la kweli, kiasi kwamba msomaji asite kabla ya kumlaumu.

Kisha wabane. Kuchagua kati ya wema na ubaya si kuchagua, kwa kuwa jibu linajulikana. Lakini dada akijua siri inayoweza kuokoa nyumba na kumfunga kaka jela, hapo kuna hadithi. Hadithi fupi ya maneno kama 3,000 hubeba uamuzi mmoja wa namna hiyo na wahusika watatu au wanne. Ukiongeza binamu na jirani, kila mmoja atapata aya moja na hakuna atakayekumbukwa. Majina pia: Rehema, Rahma na Rukia wasikutane katika hadithi moja.

Kisengerenyuma, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita, kisije ukurasa wa pili. Subiri hadi msomaji awe na swali ambalo yaliyopita ndiyo jibu lake.

Dayalojia, yaani mazungumzo ya wahusika, ndipo wengi huanguka. "Kama unavyojua, kaka, baba yetu alifariki mwaka juzi." Kaka anajua, hapo mwandishi anamnong'oneza msomaji. Ipitishe habari ile ile kwenye ugomvi: "Siku ya kumzika baba ulikuwa wapi?" Halafu funika majina ya wasemaji usome upya. Usipotambua nani ni nani, wote wanasema kwa sauti yako.

Jihadhari pia na mnyororo wa -ka-: "Akaamka, akaoga, akatoka, akamkuta kaka yake, akalia." Kilio kimepewa uzito sawa na kuoga! Futa kuoga, na ukifika penye uzito ukate mnyororo: "Alimkuta kaka yake amekalia kiti cha mama, akihesabu funguo." Kulia huenda hata kusihitajike.

Rasimu ikiisha, iache wiki moja au mbili. Ukirudi, andika pembeni mwa kila tukio ni nini kimebadilika kati ya mwanzo wake na mwisho wake. Pasipobadilika kitu, kata au unganisha na tukio jingine. Mara nyingi zinazoondoka ni kurasa mbili za kwanza, kwani humo mwandishi alikuwa bado anamtafuta mhusika wake.