RWD au AWD kwenye gari ya umeme? Kaangalie tairi kwanza

Wiki iliyopita mdogo wangu aliyeko Duluth kanipigia simu, anataka kununua gari ya umeme, hata salamu hazijaisha vizuri kashauliza "kaka, nichukue inayosukuma nyuma (RWD) au ya tairi zote nne (AWD)?" Hili swali naulizwa sana na wenzangu huku Minnesota, jimbo la baridi kali huku Marekani, hasa sisi tuliokulia kwenye tope ambako fobaifo ndo gari na zingine ni za mjini, kwa hiyo naandika niliyoyaona mwenyewe kwa winta tatu na Hyundai Ioniq 5 ya 2022, ile ya RWD, yaani ina mota moja tu na iko nyuma.

Siku tunanunua muuzaji alitukomalia kweli kweli, kwamba bila AWD huku hatutoboi. Sasa tofauti ya bei ilikuwa dola 3,500, alafu kuna kitu hakukisema mpaka nilipomuuliza: kwa vipimo vya serikali ya Marekani ile ya RWD yenye betri kubwa inaenda maili 303 (kama kilomita 488) kwa chaji moja, na ya AWD yenye betri hiyo hiyo ni maili 256 tu, kilomita 412 hivi. Mota ya pili ina uzito wake na inakula umeme wake. Tukachukua RWD.

Winta ya kwanza nilijuta jamani. Mke wangu analea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, zamu inaanza saa 12 asubuhi, anatoka bado giza na magari ya kusukuma theluji hayajapita mtaani kwetu. Asubuhi moja ya Desemba kwenye kona ya pili tu kutoka nyumbani matako ya gari yakaserereka, ikaenda ikajigonga kwenye ukingo wa barabara. Hakuumia, namshukuru Mungu, ila alirudi nyumbani anatetemeka akaniwekea funguo mezani, akasema yeye hiyo gari haigusi tena mpaka barafu iyeyuke. Nikaanza kutafuta mtu wa kuinunua.

Kilichoniokoa ni kumkumbuka baba mdogo. Alikuwa na Land Rover ya kubeba kabichi kutoka Mlalo kushuka Lushoto mjini, na masika yakianza hakuwa anafungua boneti hata kidogo, anainama anaangalia kashata za tairi, zikiwa zimelika haendi, hata umlipe mara mbili. Nikatoka nje na tochi nikaangalia za kwetu. Zilikuwa zile za misimu yote ilizokuja nazo gari, kashata zipo, lakini mpira ukiubonyeza kwa kidole mgumu kama plastiki. Kumbe joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi hivi mpira wa tairi za kawaida unaanza kukakamaa na haushiki tena barabara, na hapa kwetu Januari tunaongelea hasi 20. Tairi za winta zimetengenezwa kwa mpira unaobaki laini kwenye baridi, utazijua kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Nilinunua nne (nne, sio mbili za nyuma tu, ukiweka mbili unatengeneza hatari nyingine), zikanigharimu kama dola 1,000. Ile kona ile ile, theluji ile ile, gari ikapita kama imefungwa kamba. Mke wangu anaiendesha mpaka leo.

Najua wengi mnaogopa inayosukuma nyuma kwa sababu mmeendesha Toyota Mark II kwenye tope, mnajua ilivyokuwa inakaa kwenye mtaro. Ile injini ipo mbele na nyuma kwepesi, lazima tairi zizunguke bure. Gari ya umeme sio hivyo, betri zito limelala chini ya sakafu lote na mota ipo nyuma, kwa hiyo tairi zinazosukuma zina uzito juu yake, na tairi ikianza kuzunguka bure kompyuta inapunguza nguvu ya mota haraka kuliko injini yoyote ya mafuta. Kitu kimoja tu cha kujifunza: ukiachia pedeli mota inashika kama breki, na kwenye RWD inashika nyuma peke yake, sasa kwenye barafu hiyo inaweza kukuvuta matako pembeni. Punguza hiyo nguvu ya kushika kwa vile vijiko (paddles) vya nyuma ya usukani kabla hujatoka nyumbani.

AWD inakusaidia kuondoka na kupanda. Kusimama haikusaidii, kwa sababu gari zote zina breki kwenye tairi nne. Hapa ndo rafiki yangu alipokosea, ana ya AWD yenye tairi za kawaida, inaondoka kwenye theluji vizuri mpaka unasahau kuna theluji, akafika kwenye taa nyekundu akakanyaga breki, gari ikaendelea mpaka katikati ya makutano. Bahati hakukuwa na mtu.

Alafu safari. Kutoka Minneapolis kwenda Duluth ni kama maili 155, baridi la hasi 20 na hita inawaka, nimeondoka na chaji asilimia 100 nikafika na asilimia 14. Kwa maili 256 za AWD, baridi hilo hilo, mimi nisingethubutu bila kusimama Hinckley, mji wa njiani, kuchaji.

Sasa mdogo wangu nimemwambia achukue AWD. Ndio, baada ya yote haya. Wanaoijua Duluth wanajua ile mitaa inavyoshuka kuelekea ziwani, yeye anakaa katikati ya mteremko, anatoka saa 10 alfajiri, na kwenye kilima cha barafu RWD hata iwe na tairi nzuri kuna siku itakataa kuondoka. Huyo kwake dola 3,500 zina kazi. Wewe unayekaa tambarare kama sisi na barabara inasafishwa, hela hiyo nunua tairi na rimu zake, zinazobaki weka chaja nyumbani. Na ndugu zangu wa Dar mnaoagiza, kwenu hakuna barafu, ulizeni gari imeinuka kiasi gani kutoka chini, betri lisije likagonga mawe.

Ila hata mdogo wangu nimemsisitiza tairi za winta azihesabu kwenye bei ya gari, sio baadaye, na aweke oda Oktoba. Ikishuka theluji ya kwanza foleni kwa mafundi wa tairi inafika wiki mbili.